Usibadili nywila ukiwa kwenye kompyuta hiyo hiyo yenye virusi

Pole sana ndugu kwa kompyuta yako kuingiwa na virusi. Kama antivirusi imesema imesafisha, lakini kivinjari bado kinakurusha kwenye tovuti usizozijua, basi kuna kitu kimebaki humo. Kwanza zima Wi-Fi au chomoa waya wa intaneti. Halafu, tafadhali, usibadili nywila yoyote ukiwa kwenye mashine hiyo. Ikiwa kuna programu inayonasa kila kitufe unachobonyeza, utakuwa unamkabidhi mwizi nywila mpya kwa mkono wako. Tumia simu au kompyuta nyingine iliyo safi, anza na barua pepe, kisha benki, na uchague akaunti itoke (sign out) kwenye vifaa vyote, maana wezi wa siku hizi huiba hata kuki, yaani kumbukumbu ndogo za kivinjari zinazoonyesha kuwa umeshaingia, na kuingia bila kuulizwa nywila.

Kama ni Windows 10 au 11, jaribu Microsoft Defender Offline, ukaguzi wa virusi uliomo ndani ya Windows yenyewe: kompyuta inajiwasha upya na kukaguliwa kabla Windows haijaamka, hivyo virusi vinakosa pa kujificha. Ni kama dakika 15 tu. Lakini mimi nisingeishia hapo. Ningefuta diski yote na kuweka Windows upya kwa flashi ya angalau GB 8 iliyoandaliwa kwenye kompyuta nyingine. Kabla ya kufuta, okoa picha na hati zako. Programu usihamishe hata moja. Na kabla ya kunakili, weka mipangilio ili majina ya mafaili yaonekane mpaka mwisho: "harusi.jpg.exe" si picha, ni programu.