Stika ya Mheshimiwa Juu ya Haidranti: Maswali Yenu

Barua nyingi za majuma haya zinalalamikia jambo moja: magari yenye vibali na nambari za kiserikali yanayoegeshwa juu ya haidranti, yaani midomo ya bomba la barabarani ambako zimamoto huchota maji, katikati ya jiji la Nairobi. Nimechagua chache.

Karibu na barabara ya Tom Mboya, gari la GK (Serikali ya Kenya) hukaa juu ya kifuniko chenye herufi FH, alama ya haidranti, kuanzia saa mbili asubuhi hadi jioni. Kwenye kioo pana kibali. Kanjo, askari wa kaunti, hulipita, kisha hufunga klampu, kile chuma cha kuzuia gurudumu, kwenye gari lililo nyuma yake. Je, kibali hicho kinamruhusu? (Msomaji, Ngara)

Hakimruhusu. Kibali cha kuegesha, kiwe kimetoka kaunti, wizarani au bungeni, ni kibali cha ada au cha nafasi maalum iliyotengwa. Hakigeuzi mahali palipokatazwa kuwa maegesho. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inakataza kuacha gari barabarani likiwazuia wengine au likielekea kuwazuia, wala haina mlango wa nyuma wa gari la GK. Nafuu ya mwendo waliyopewa zimamoto, ambulensi na polisi ni ya kazi ya dharura. Afisa aliyeingia mkutanoni hana dharura.

Hiyo klampu ya gari la nyuma ndiyo inayoniudhi zaidi. Askari analiona kosa, ila anaogopa nambari ya gari. Na hapa kaunti haina pa kujificha, kwa sababu Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeikabidhi kazi zote mbili: maegesho na kuzima moto. Anayetoa vibali na anayewalipa wazimamoto ni mwajiri mmoja. Kinachotakiwa ni orodha ya haidranti za katikati ya jiji, kila moja na barabara yake na mlango wa jengo lililo mbele yake, apewe kila askari wa zamu asubuhi.

Na klampu isitumike hapo hata kidogo, hata kwa gari la mwananchi wa kawaida. Gari lililofungwa klampu juu ya haidranti litakaa hapo saa nyingi zaidi kuliko lingekaa kama lingeachwa. Gari la namna hiyo huvutwa.

Nikishalipa ada ya siku kwa simu, si nimeruhusiwa kuegesha popote? (Msomaji, South B)

La. Umelipia muda katika nafasi iliyochorwa. Nimelijibu swali hili mara nyingi mno; someni alama za barabarani kabla ya kutoa simu.

Dereva wangu hubaki ndani ya gari. Zimamoto wakija ataondoka mara moja. Tatizo liko wapi? (Msomaji, Upper Hill)

Dereva hulala. Huenda kununua chai. Na hata akiwa macho, moshi ukishatanda na watu wakikimbia, mbele pamejaa matatu na nyuma pamejaa bodaboda. Ataliondoa gari alipeleke wapi?

Tufanye hesabu. Lori la zimamoto limefika na lita 5,000 kwenye tangi. Wamefungua mipira miwili ya milimita 45, kila mmoja ukimwaga kama lita 450 kwa dakika. Tangi hilo ni la dakika tano na nusu. Katika dakika hizo mwendesha pampu anapaswa kutafuta kifuniko, kukiinua, kutoa takataka, kukaza stendipaipu (bomba la wima la kutolea maji juu), kuachia maji kidogo ili mchanga utoke, kuunganisha mpira mkubwa hadi kwenye pampu, kisha kufungua valvu polepole. Akiifungua kwa pupa, maji hugonga kwa kishindo ndani ya bomba na kiungo kinaweza kupasuka. Kifuniko kikiwa wazi, timu iliyozoea humaliza kabla tangi halijakauka.

Tairi likiwa juu ya kifuniko, hakuna hata hatua moja kati ya hizo inayoanza. Watakwenda haidranti ya barabara ya pili. Mpira mmoja una urefu wa mita 20 hadi 25, kwa hiyo mita 100 za ziada ni mipira minne au mitano ya kuunganisha, maji yanapoteza nguvu kwa msuguano njia nzima, na matatu inaukanyaga mpira mahali unapokatiza barabara. Wakati huo kuna wazimamoto wawili ndani ya chumba chenye moshi, na mpira mikononi mwao umelegea. Mheshimiwa, hao ndio unaowaegeshea gari.

Nimesikia stika ya kuegeshea bila kulipa inapatikana River Road. Ni halali? (Msomaji, Kasarani)

Ni kughushi. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kifungu cha 349, inataja kifungo cha hadi miaka mitatu, na anayeitumia hati bandia akijua ni bandia anashtakiwa vilevile. Usiinunue.

Ndugu yangu aliye New York anasema huko zimamoto huvunja vioo vya gari lililozuia haidranti na kupitisha mpira ndani. Kwa nini wetu wasifanye hivyo? (Msomaji, Buruburu)

Ni kweli, hufanya hivyo. Haidranti za huko ni nguzo zilizosimama kando ya njia, na mpira mkubwa ukikunjwa kuzunguka gari hubanwa na maji hupungua. Njia iliyonyooka ni kupitia madirishani. Haidranti ya mtindo wa Kiingereza, ambao ndio tuliorithi, iko chini ya kifuniko cha chuma. Tairi likiisimamia, vunja vioo vyote upendavyo, hufiki kwenye maji.

Mengine ya New York yanatufaa zaidi. Sheria yao inataka futi 15, kama mita 4.6, ziachwe wazi kila upande wa haidranti, na faini ni dola 115. Vibali vya maafisa wa jiji havihesabiki mbele ya haidranti. Hata hivyo wakazi wamelalamika kwa miaka mingi kwamba maafisa huweka kibali kwenye dashibodi na kuegesha papo hapo, na wanaopaswa kuwaandikia faini hupita wakitazama pembeni. Kwa hiyo msiniambie dawa ni sheria mpya. Sheria ikiandikwa kesho, itasimamiwa na askari yuleyule anayeogopa nambari ileile.

Haidranti za Nairobi zenyewe ni kavu. Kwa nini tusumbuane kuhusu gari lililo juu ya bomba tupu? (Msomaji, Eastleigh)

Swali zuri, na wengi hulitumia kama kisingizio. Ndiyo, ziko zilizofukiwa kwa lami, zilizojengewa vibanda juu, na zisizo na maji siku za mgao. Lakini angalia jinsi kosa moja linavyozaa lingine. Haidranti inapaswa kufunguliwa na kukaguliwa kwa ratiba: valvu izunguke, tope litoke, maji yapimwe. Kipimo cha Uingereza cha haidranti ya chini ya ardhi ni lita 2,000 kwa dakika kwa msukumo wa bar 1.7. Mkaguzi akikuta gari juu ya kifuniko Januari, akalikuta tena Juni, ataandika "haikufikika". Valvu inashika kutu, mchanga unajaa, na baada ya miaka michache kweli inakuwa kavu. Gari lilitangulia, ukavu ukafuata.

Na kwa kuwa tumefika hapo: maboza, malori ya tangi la maji, yanayojaza maji kwenye haidranti usiku yaende kuuza ni wizi wa maji ya kuokoa watu. Wanaofungua kwa spana ya kawaida huharibu kichwa cha valvu, na siku ya moto ufunguo wa zimamoto haushiki.

Magari ya kibalozi yenye nambari nyekundu je? (Msomaji, Westlands)

Mkataba wa Vienna wa 1961, ibara ya 41, unawataka wanabalozi waheshimu sheria za nchi mwenyeji. Kinga ya mahakama haiwapi ruhusa ya kuegesha. Andikia Wizara ya Mambo ya Nje.

Nikitaka kulalamika ili nisikike, nifanyeje? Picha nilizoweka mtandaoni hazikuzaa kitu. (Msomaji, Umoja)

Picha moja ya nambari ya gari haithibitishi lolote. Piga inayoonyesha kwa pamoja kifuniko au nguzo ya haidranti, gari, na jengo linalotambulika. Kisha ya pili ya kibali kwenye kioo. Andika tarehe na saa. Rudia siku tatu tofauti. Usipige picha karibu na kambi za jeshi au Ikulu, na usigombane na dereva, yeye ametumwa.

Kisha andika barua kwa kaunti chini ya Sheria ya Upataji Habari ya 2016. Inaruhusiwa kuandikwa kwa Kiswahili. Uliza mambo matatu tu: vibali vingapi vimetolewa na kwa ofisi zipi, orodha ya haidranti za eneo lako na tarehe zilipokaguliwa mwisho, na magari mangapi ya GK na ya kaunti yenyewe yaliyovutwa mwaka uliopita. Wana siku 21. Wakinyamaza, sheria inahesabu kwamba wamekukatalia, na una siku 30 kupeleka rufaa kwa Ombudsman, tume inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma, West End Towers, Waiyaki Way. Weka nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa, kwa maana bila muhuri huo watasema hawakuiona barua.

Ikiwa ni afisa yuleyule, miezi nenda miezi rudi, hiyo yaweza kuwa matumizi mabaya ya ofisi chini ya kifungu cha 46 cha sheria ya ufisadi ya 2003. Peleka EACC, tume ya kupambana na ufisadi, Integrity Centre, ukiwa na rekodi nzima, si picha moja.

Mimi ni msimamizi wa jengo Moi Avenue. Naweza kuweka mawe na mnyororo ili kulinda haidranti? (Msomaji)

Usiweke. Zimamoto watakuta mawe badala ya gari. Iombe kaunti kwa maandishi ipake alama ardhini na kusimika nguzo fupi kando ya kifuniko, zikiacha nafasi ya mtu kuchuchumaa na kuzungusha ufunguo. Mwambie soja (mlinzi) wa mlangoni asiuze nafasi hiyo kwa mia mbili. Halafu tazama ukuta wa jengo lako mwenyewe: ule mdomo ambao zimamoto huunganisha mpira ili kupandisha maji ghorofani mara nyingi umezibwa na jenereta au gari la mwenye jengo. Hilo unaweza kuliondoa leo jioni bila barua.