Gitaa jipya lina mlio mkali: je, kosa ni la mbao?

SWALI: Nina magitaa mawili ya umeme yenye umbo lilelile la Stratocaster, gitaa maarufu la kampuni ya Fender. Moja limeundwa kwa vipimo vya miaka ya 1950. Jingine ni la kisasa: ubao wake wa vidole ni bapa zaidi, daraja lake linaegemea nguzo mbili badala ya skrubu sita, na pikapu ya upande wa daraja ni ya koili mbili. Nikichagua pikapu ya shingoni, ambayo katika magitaa yote mawili ni ya koili moja, gitaa jipya hutoa mlio mkali unaochoma masikio. La zamani nalo lina kero yake, kwani uzi wa tatu husikika kwa nguvu kuliko nyuzi nyingine. Wenzangu wanasema yote hayo ni mbao. Je, ni kweli?

JIBU: Kwa maelezo uliyotoa, mbao ningeziacha ziwe mshukiwa wa mwisho. Pikapu (ninayoizungumzia haina magurudumu) ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba mara maelfu (waya huo uliozungushwa ndio koili), na inachokipokea ni mwendo wa uzi wa chuma ndani ya uga wa sumaku hiyo. Mbao huweza kubadili kidogo namna uzi unavyotetema na muda unaodumu, lakini haimo katika njia ya umeme, na ukali wa aina unayoueleza kwa kawaida huzaliwa katika njia hiyo.

Stratocaster ilipotoka mwaka 1954 ilikuwa na pikapu tatu za koili moja, na hadi leo pikapu za aina hiyo kwa desturi hufungwa pamoja na potensiomita, yaani vidhibiti vya kuzungusha vya sauti na toni, za kiloohmu 250 (kipimo cha ukinzani wa umeme). Pikapu ya koili mbili, ambayo Seth Lover aliibuni huko Gibson mwaka 1955 ili kuua mvumo wa umeme, ina mlio mzito zaidi kwa asili yake, na ndiyo maana mafundi huipa potensiomita za kiloohmu 500 ili isifunikwe. Gitaa lako la kisasa lina pikapu za aina zote mbili zikitumia vidhibiti vilevile, na watengenezaji wengi katika hali hiyo huchagua 500 kwa ajili ya ile ya darajani. Anayebaki kulipa gharama ni pikapu ya shingoni.

Hesabu yake si ngumu. Kila pikapu ina kilele cha mwitikio, yaani eneo la masafa ambalo huitika kwa nguvu zaidi, na kwa koili moja yenye henri 2.4 iliyounganishwa na kebo ya pikofaradi 500, kilele hicho huangukia karibu na hezi 4,600, mahali ambapo sikio la binadamu ni jepesi sana kuudhika. Kidhibiti cha sauti na kidhibiti cha toni hukaa sambamba na pikapu na kukibana kilele hicho, na kadiri kiloohmu zinavyopungua ndivyo kinavyobanwa zaidi. Viwili vya kiloohmu 250 hutoa mzigo wa 125, na viwili vya 500 hutoa 250, hivyo katika gitaa jipya kilele kimeachiwa kisimame juu zaidi.

Kabla ya kushika chuma cha kulehemu, fungua sauti yote, kisha punguza toni kidogo kidogo huku ukicheza. Ikiwa ukali unatoweka kabla mlio haujawa mzito kupita kiasi, umempata mkosaji bila kutumia senti. Tiba ya kudumu ni kuunganisha rezista (kipande kidogo kinachokinza umeme) ya kiloohmu 270 kati ya ncha mbili za pikapu ya koili moja, ambapo mzigo utashuka hadi takriban 130 kila pikapu hiyo inapochaguliwa peke yake, huku ile ya darajani ikibaki ilivyo inapocheza peke yake. Ukiifunga pia kwenye pikapu ya kati, nafasi ya swichi inayozichanganya pikapu hizo mbili itakuwa nzito zaidi kwa sababu rezista zote mbili zitafanya kazi kwa pamoja. Wapo wanaoipenda ladha hiyo, nami nikiwemo.

Ubao bapa na daraja la nguzo mbili havihusiki na lalamiko hili. Nusu-kipenyo cha mviringo wa ubao kimetoka milimita 184 za awali hadi 241 au zaidi ili uzi unaovutwa pembeni usizimike, na hayo ni manufaa ya vidole.

Kuhusu uzi wa tatu, sababu ni ya kihistoria. Katika miaka ya 1950 uzi huo ulikuwa umezungushiwa waya na kiini chake cha chuma kilikuwa chembamba, kwa hiyo kijiti chake cha sumaku (katika pikapu hizo kila uzi una chake chini yake) kiliinuliwa na cha uzi wa pili kikashushwa. Wapigaji walipohamia uzi mtupu wa chuma, vijiti vya mtindo wa zamani vilibaki palepale, na uzi wa tatu ukaanza kupiga kelele. Shusha pikapu nzima kwa milimita moja au mbili, kwa kuwa umbali ukiongezeka tofauti za urefu wa vijiti hupungua uzito. Isipotosha, tafuta pikapu yenye vijiti vilivyo sawa. Usijaribu kukisukuma kijiti chenyewe kwa bisibisi, kwani katika pikapu nyingi za muundo wa zamani waya umezungushwa moja kwa moja juu ya sumaku, na ukikatika pikapu hunyamaza.