Nilikuwa Nashukia Pangani

Mwanangu,

Ujumbe wako wa Jumanne nimeusoma. Unasema kuna shindano la filamu za vijana kuhusu afya ya akili, kila filamu sekunde 60, kisha unauliza: "Mama, naweza kutumia kisa cha mjomba?" Nimekaa nao siku tatu. Kwa simu ningekujibu kwa hasira, ndiyo maana naandika.

Kisa cha mjomba wako si changu kukupa. Mwenyewe yu hai, anakunywa chai hapa kila Jumapili. Muulize yeye, na uende bila kamera. Akikataa, yaishie hapo, hata kama umeshawaambia wenzako.

Ila nina kisa changu, na hicho nakupa.

Mwaka 2011 ulikuwa darasa la pili. Wewe tulikuambia mjomba ameenda Mombasa kikazi. Watu wa jumuiya tukawaambia ana malaria. Malaria ya miezi miwili! Alikuwa amejaribu kujiua, akalazwa Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili. Hospitali hiyo ipo tangu 1910, lakini unajua Nairobi jina lake ni tusi. Mtu akifanya kioja, utasikia "huyu ni wa Mathari". Basi Jumamosi nikipanda matatu ya Thika Road na kiondo changu cha chapati, makanga akiuliza nashukia wapi, nasema Pangani, kabla ya kufika hospitali. Nashuka Pangani kweli. Barabara ilikuwa ndiyo inajengwa, matingatinga kila mahali, nami natembea kando ya mitaro hadi getini, chapati nimezifunga kwa gazeti na kitambaa juu, na bado mchanga unaingia. Ndugu yangu alikuwa akitafuna polepole, hasemi kitu.

Nilifanya hivyo majuma manane. Siku moja makanga, kijana wa umri wako wa sasa, alinitazama, akatazama kiondo, akasema kwa sauti ya chini: "Mathe, si nikushushe hosi moja kwa moja?" Sikumjibu. Nilishuka palepale Pangani.

Hiyo ndiyo filamu ninayoiona mimi. Mwanamke, kiondo, makanga, na uongo wa neno moja. Sekunde 60 zinatosha na zinabaki.

Masharti uliyonitumia yanakataza kuonyesha njia ya kujiua. Mwongozo uliouambatisha, ule wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 kwa watengenezaji filamu, nao unasema vivyo hivyo, kwa kuwa aliye katika hali mbaya anaweza kuiga anachokiona. Unalalamika kwamba sharti hilo linakubana. Mimi naona limekuokoa, maana nusu ya washindani watatuletea chumba cha giza na mtu ameshika kichwa. Mjomba wako hakushika kichwa. Wiki ile alinyoa ndevu, akachekesha watu chamani, akampa jirani kisanduku chake chote cha spana. Fundi anagawa spana zake! Nasi tukasema, huyu ana roho nzuri. Nakwambia hilo ulijue wewe. Kwenye filamu halimo mpaka yeye aseme.

Vivyo hivyo habari ya askari. Alikuja wodini na daftari, kwa sababu wakati ule kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kifungo hadi miaka 2. Ugonjwa wenyewe, sonona, yaani depression, hatukuwa hata na neno lake. Tulikuwa na "mawazo" na "wazimu", basi. Januari 2025 Mahakama Kuu ilipoamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba, nilimsomea habari hiyo hapa sebuleni. Aliniambia nirudie. Nikarudia. Kisha akaomba sukari.

Usipeleke kamera hospitalini, wala getini. Wanaoingia pale na vikapu hawajakupa ruhusa, na huenda wengine wameshukia mbali kama mimi. Piga picha ndani ya matatu na kwenye steji. Vumbi siku hizi hakuna, liache. Na usiniombe niigize. Shangazi yako atakubali kabla hujamaliza kuuliza, tatizo litakuwa kumnyamazisha.

Kiondo kiko juu ya kabati la chumbani, mkono mmoja umekatika. Kipeleke kwa fundi viatu akishone kwanza. Chapati nitapika mwenyewe.

Mjomba huja saa nane, baada ya misa.

Mama