Jeli ya malimau iliyotoka ngumu kama tofi

Pole sana, dada. Uvune malimau yako mwenyewe, ungoje jeli ifike digrii 105 kama mapishi yanavyosema, halafu ipoe ikiwa ya kahawia na ya kutafuna! Mapishi hayo ni ya watu wa pwani. Hapa Nakuru tuko zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari, na maji huchemka kwenye digrii 94 hivi. Jeli huwa tayari ikipita hapo kwa digrii 4 au 5, yaani 98 au 99.

Mimi hata kipimajoto situmii. Weka kisahani kwenye friza, dondoshea jeli kidogo, subiri dakika moja, isukume kwa kidole. Uso ukijikunja, imeiva. Unapopima, zima moto, la sivyo itapitiliza.

Mbegu na utando mweupe wa ganda usitupe, ndizo zenye pektini, kile kinachogandisha jeli. Loweka usiku kucha, chemsha, chuja kwa kitambaa bila kukamua. Ukikamua jeli haitang'aa. Sukari ni gramu 800 hivi kwa lita ya maji uliyochuja. Sufuria ya alumini iache, haipatani na asidi.

Watoto wakae mbali: sukari ikichemka huunguza kuliko maji. Chupa ikiota ukungu tupa yote, usikwangue juu tu. Mwenye kisukari aongee na daktari kwanza.

Hiyo ngumu iyeyushe kwenye maji moto na tangawizi, ni kinywaji kizuri msimu huu wa baridi.