Kuunda ZX Spectrum ndani ya FPGA kwa zana huria: jibu kwa aliyeuliza kutoka Tabora

Marahaba, mdogo wangu. Umeuliza mambo mawili: kama laptopu yako yenye RAM ya gigabaiti 4 inaweza kuandaa kompyuta ya zamani ndani ya FPGA, yaani chipu ambayo mantiki yake ya ndani unaipanga wewe mwenyewe, bila kutumia programu za watengenezaji wa chipu, na kama bodi ndogo ya Tang Nano 9K inatosha kuiunda upya ZX Spectrum, ile kompyuta ya nyumbani ya Sinclair ya miaka ya themanini. La kwanza jibu lake ni ndiyo. La pili linategemea ni Spectrum ipi, na hapo nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo nilipopoteza miezi kadhaa hapa Kigoma.

Kuhusu zana, programu rasmi za kampuni kubwa za chipu huweza kufikia makumi ya gigabaiti, na mtu anayenunua bando la wiki hawezi kuzipakua. Mwaka 2015 Claire Wolf na Mathias Lasser walikamilisha kazi ya kuchunguza jinsi chipu za iCE40 za kampuni ya Lattice zinavyopangwa ndani, wakaitoa hadharani kwa jina la Project IceStorm, na tangu hapo njia nzima kutoka maelezo ya Verilog, lugha ya kuelezea mantiki ya chipu, hadi faili inayoingia kwenye chipu ikawa wazi kwa kila mtu. Leo Yosys hugeuza maelezo yako kuwa mantiki, nextpnr huipanga mantiki hiyo mahali pake ndani ya chipu, Project Apicula hubeba ujuzi wa chipu za kampuni ya Gowin kama iliyo kwenye bodi yako, na openFPGALoader hupeleka faili kwenye bodi kwa waya wa USB. Zote zimo katika kifurushi kimoja kinachoitwa OSS CAD Suite, ambacho kukipakua ni mamia ya megabaiti tu. Laptopu yangu nayo ina gigabaiti 4, na haijawahi kushindwa na kazi ya chipu ya ukubwa huu.

Sasa bodi. Watu wengi huangalia kwanza idadi ya LUT, yaani vijisehemu vya mantiki, na kwa kuwa Tang Nano 9K inavyo 8,640, wanaridhika. Kwa kompyuta za miaka ya themanini mantiki si tatizo; prosesa ya Z80 inaingia na nafasi inabaki. Kinachobana ni kumbukumbu. Chipu ya bodi hii, GW1NR-9, ina bloku 26 za kumbukumbu ya ndani, na kila bloku ukiitumia kwa baiti za kawaida inakupa kilobaiti 2, hivyo jumla yake ni kilobaiti 52. Spectrum ya 48K inahitaji RAM ya kilobaiti 48 pamoja na ROM ya kilobaiti 16, jumla 64. Haiingii. Mimi sikuipiga hesabu hii mapema, nikaandika kila kitu kwa ajili ya 48K, na nextpnr ikakataa usiku ule niliodhani nimemaliza.

Lakini mwaka 1982 Sinclair aliuza pia toleo la 16K. Hilo linahitaji kilobaiti 32 tu, yaani bloku 16, na 10 zinabaki. Skrini inachukua baiti 6,912 kati ya hizo 16,384 za RAM, kwa hiyo programu ya lugha ya BASIC inabakiwa na kilobaiti zisizozidi 9, nazo zinatosha kabisa kujifunzia. Bodi ina kumbukumbu nyingine ya megabiti 64 iliyofungwa pamoja na chipu, ila inadai kidhibiti chake. Iache mpaka toleo la 16K litembee. ROM yenyewe usiogope kuitumia, kwa maana Amstrad, walionunua haki za kompyuta za Sinclair mwaka 1986, waliruhusu isambazwe pamoja na emuleta, yaani programu zinazoiga kompyuta hizo.

Jambo la pili lililonichelewesha ni mapigo ya saa, yaani mapigo ya umeme yanayoongoza kasi ya chipu. Mifano mingi ya picha ya HDMI hutumia pikseli 640 kwa 480 kwa fremu 60 kila sekunde, nami nikaifuata. Picha ilitoka, lakini maandishi yanayosogea yalikuwa yakikatikakatika, kwa sababu Spectrum hukatiza prosesa yake mara 50 kwa sekunde na ndiyo kasi ambayo programu zake nyingi zinaitegemea. Ndipo nilipotambua kwamba bodi yenyewe ina kristali ya megahezi 27, na picha ya 720 kwa 576 kwa fremu 50 hudai megahezi 27 kamili, kwa kuwa fremu nzima pamoja na kingo zisizoonekana ni 864 mara 625. Runinga tulizozoea huku huipokea picha hiyo bila shida. Baadhi ya skrini za kompyuta huikataa, kwa hiyo jaribu kwenye runinga.

Z80 nayo inahitaji megahezi 3.5. Usiitengenezee saa ya pili kwa kugawanya, kama nilivyofanya mimi, maana saa mbili zisizopatana ziliniletea rangi zilizovurugika ambazo katika majaribio ya kompyuta hazikuonekana kabisa. Tumia saa moja ya megahezi 27 kila mahali, kisha weka kihesabuji kinachoongeza 7 kila pigo. Kikifika 54 au zaidi kiondolee 54, na pigo hilo ndilo unaloiruhusu Z80 isonge mbele. Hesabu inatoka kamili: 27 mara 7 gawanya kwa 54 ni 3.5. Kila fremu inapata mapigo 70,000 ya prosesa, wakati mashine halisi ina 69,888. Tofauti ya 112 sijawahi kuihisi.

Kuna kitu kimoja ambacho wanaoanza hukiacha, na katika toleo la 16K hakiachiki. Katika mashine ya asili, chipu ya picha iitwayo ULA na Z80 vilisoma RAM ileile, na ULA ilikuwa na haki ya kwanza: wakati inachora mistari 192 ya skrini, prosesa ikigusa RAM hiyo husimamishwa kwa mapigo kati ya 6 na 0, kwa mpangilio wa 6, 5, 4, 3, 2, 1, 0, 0 unaojirudia. Katika 48K ni robo tu ya anwani iliyoathirika. Katika 16K ni RAM yote, kwa hiyo ukiipuuza kanuni hii mashine yako itakwenda kasi kuliko ile ya mwaka 1982 na sauti zitapanda. Kuiandika kulinichukua mistari michache tu, baada ya siku nyingi za kuielewa.

Prosesa tumia TV80, kwa kuwa imeandikwa kwa Verilog na Yosys huisoma moja kwa moja. T80 iliyotangulia ni ya VHDL, lugha nyingine ya aina hiyo, na hudai hatua za ziada. Kabla ya kugusa bodi, iendeshe mashine yote ndani ya Verilator, programu inayoigiza chipu kwenye laptopu, na uandike kila fremu kama picha. Umeme ulipokuwa ukikatika hapa mtaani kwetu Mwanga, Kigoma, nilifanya kazi hivi kwa chaji ya laptopu, na siku picha ilipoonyesha mstari wa chini wenye jina la Sinclair Research na mwaka 1982 nilijua kwamba ROM imemaliza kukagua RAM na imeridhika. Sijawahi kufurahi hivyo mbele ya faili.

Kibodi ya PS/2 hutumia volti 5, na pini za chipu zinavumilia 3.3. Niliunguza pini moja kwa kuunganisha moja kwa moja. Weka kibadilishaji cha volti kwenye nyaya zote mbili za mawimbi, yaani ya saa na ya data.

Kupakua kukikushinda, niandikie humu. Nitanakili kifurushi kizima kwenye flashi pamoja na faili zangu za ULA na majaribio ya Verilator, kisha nitampa mtu anayepanda treni kuja Tabora.