Dume mgeni hana kosa: watoto wa paka waliokufa baada ya kunyonya

Swali: Daktari, mimi ni mwalimu mstaafu hapa Malindi, na kwa miaka 11 nimekuwa nikifuga paka wa nasaba wa aina ya British Shorthair, wale wa kijivu. Nilianza na jozi moja niliyoinunua Nairobi pamoja na hati zao. Jike wangu wa sasa, Lulu, amezaa mara tatu. Mara mbili za kwanza alipandwa na Sultani, ndugu yake wa baba mmoja, akazaa wanne, kisha watano, na wote wakakua. Mmoja yuko Uingereza kwa mwanangu na amepata utepe kwenye maonyesho. Mwaka huu nilishauriwa niingize damu mpya, nikaazima dume kutoka Mombasa. Lulu akazaa watano usiku, wote wazima, wote wakanyonya vizuri. Kesho yake jioni mmoja aliacha kunyonya, na kufikia alfajiri alikuwa amekufa. Siku iliyofuata walikufa wengine wawili, na mkojo wao ulikuwa kama chai ya rangi. Wa nne ncha ya mkia iligeuka nyeusi, ikadondoka katika wiki ya pili. Wa tano hajambo kabisa. Majirani wanasema ni jicho; mimi nashuku damu mbaya ya yule dume. Je, nimrudie Sultani?

Jibu: Mwalimu, shikamoo, na pole kwa hasara hiyo. Nashukuru kwamba uliandika rangi ya mkojo, maana wafugaji wengi huniambia tu kwamba watoto "wamefifia", na kufifia kunaweza kuletwa na baridi, na maambukizi ya kitovu, na maziwa haba, na kasoro za kuzaliwa nazo. Mkojo wa rangi ya chai kavu kwa mtoto aliyezaliwa mzima, akanyonya kwa nguvu, kisha akalegea ndani ya siku moja au mbili, pamoja na mwenzake aliyepoteza ncha ya mkia, hauniachii nafasi kubwa ya kufikiri jambo jingine. Kabla ya kipimo siwezi kuapa, lakini nitakujibu kama mtu anayetarajia kipimo kithibitishe: watoto wako waliuawa na maziwa ya kwanza ya mama yao, na dume wa Mombasa hana damu mbaya hata kidogo.

Paka wana makundi ya damu kama sisi, ila yao yanaitwa A, B na AB, na hayahusiani na makundi ya binadamu yenye majina kama hayo. Paka wengi duniani ni wa kundi A, na AB ni adimu sana. Kundi B hutofautiana kwa kadiri ya aina: miongoni mwa Siamese karibu halipo, ilhali miongoni mwa British Shorthair na Devon Rex ni la kawaida kiasi kwamba mfugaji yeyote wa aina hizo angepaswa kupima kabla ya kupandisha. Jeni ya A huitawala ile ya B. Kwa hiyo paka aliyerithi A kwa mzazi mmoja na B kwa mwingine anapimwa kuwa A, na ile B inakaa kimya ndani yake, tayari kupitishwa kwa watoto. Paka wa kundi B ni yule tu aliyeipokea B kutoka pande zote mbili.

Sasa hapa ndipo paka anapotofautiana na binadamu. Mama wa binadamu mwenye damu hasi, akibeba mtoto mwenye damu chanya, kwa kawaida huponyoka katika mimba ya kwanza, kwa sababu mwili wake haujajifunza kuichukia damu ile. Paka wa kundi B hahitaji kujifunza. Akifikisha miezi michache tu ya umri huwa tayari ana kingamwili kali dhidi ya damu ya A, hata kama hajawahi kuwekewa damu wala kushika mimba. Kingamwili hizo hazipiti kwa wingi kwenye kondo, na ndiyo maana watoto huzaliwa wazima na wenye hamu ya kunyonya. Zimo katika dang'a, yaani yale maziwa ya kwanza. Mtoto wa paka, kwa muda wa saa 16 hadi 24 za mwanzo, ana utumbo unaopitisha kingamwili nzimanzima hadi kwenye damu, jambo ambalo kwa mtoto wa kundi la mama yake ni kinga ya bure, na kwa mtoto wa kundi A anayenyonya kwa mama wa kundi B ni sumu. Chembe nyekundu zinapasuka, rangi yake inachujwa na figo, mkojo unakuwa kama ulivyouona. Nyingine zinagandamana katika mishipa midogo ya sehemu zenye ubaridi, yaani ncha ya mkia na ncha za masikio, na sehemu hiyo ikikosa damu inakufa na kudondoka.

Utauliza: mbona mara mbili za kwanza hapakuwa na msiba? Kwa sababu, kwa dhana yangu, Sultani naye ni wa kundi B. Tazama jinsi ilivyowezekana. Wazee wawili ulioanza nao huenda walikuwa wa kundi A kwa kipimo, kila mmoja akiwa ameficha B moja. Kwa jozi ya namna hiyo, mtoto mmoja katika kila wanne kwa wastani anakuwa wa kundi B. Ukaendelea kuchagua wenye kichwa cha duara, mashavu yaliyojaa, manyoya mazito yaliyosimama na macho ya rangi ya shaba, kama anavyotaka mwamuzi, na ukawapandisha wao kwa wao. Mwamuzi hapimi damu, nawe hukuipima. Kwa kuoanisha ndugu wa baba mmoja, mtoto ana uwezekano wa asilimia 12.5, mahali popote penye jeni, wa kupokea nakala mbili zilizotoka kwa babu yuleyule. Kwa baba na binti inafika asilimia 25. Ndivyo B mbili zinavyokutana. Lulu wa B akapandwa na Sultani wa B, wakazaa B watupu, na maziwa ya mama yakawafaa.

Alipokuja dume wa kundi A mambo yakageuka. Ikiwa dume huyo ana A mbili, watoto wote watano walikuwa wa kundi A, na yule mzima amenusurika ama kwa kunyonya dang'a kidogo au kwa bahati. Ikiwa ana A moja na B moja, kila mtoto alikuwa kama sarafu iliyorushwa, na huyo wa tano yaelekea ni B. Mimi naegemea upande huo wa pili, lakini kipimo cha mtoto mwenyewe, akishafikisha miezi mitatu, kitatuambia; akiwa B, tutajua kwa yakini kwamba baba yake anabeba B.

Basi hukumu uliyotaka kuitoa, ya kumrudisha Sultani kwa Lulu, ingeleta watoto wazima na ingekuridhisha, na hapo ndipo hatari yake ilipo. Ungeamini kwamba damu ya nje huua na ya ndani huponya, ukaufunga ukoo wako zaidi, na kila uzao mzuri ungekuwa ushahidi wa uongo. Hata mimi nilipoanza kazi nililetewa watoto wa namna hii, nikawapa dawa ya kuua vijidudu, wakafa, nikamshauri mfugaji abadilishe dume. Alibadilisha, uzao uliofuata ukawa mzima, naye akanisifu kwa ushauri ambao sikustahili kusifiwa kwa ajili yake.

Kwa ukoo uliofungwa hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Paka aitwaye Sokoke, ambaye Wagiriama wanamwita khadzonzo, alipatikana karibu na msitu huu wetu wa Arabuko-Sokoke mwishoni mwa miaka ya 1970 na mama mmoja mkazi wa pwani hii, Jeni Slater, na miaka ya 1980 wachache wakapelekwa Denmark, wakawa msingi wa aina nzima iliyokuja kutambuliwa na FIFe, shirikisho la kimataifa la wafugaji wa paka wa nasaba, katika miaka ya 1990. Wazazi wale walikuwa wachache mno, na baadaye ilibidi wafugaji wachukue paka wengine kutoka pwani hii hii ili kuupanua ukoo. Hao walikuwa na msitu wa kurudia. British Shorthair aliyeko Malindi hana msitu. Kila dume wa nje unayemkataa ni mlango mmoja umeufunga.

Kwa hiyo, ningekuwa mimi, ningefanya hivi. Sultani, akithibitika kuwa B, ningemtafutia jike wa nje wa kundi A. Oano hilo halina tatizo lolote, kwa kuwa kingamwili za jike wa kundi A dhidi ya B ni dhaifu na kwa kawaida haziwadhuru watoto. Kwa njia hiyo sura na manyoya uliyoyahangaikia miaka 11 yanaendelea, na damu mpya inaingia kwa upande wa mama. Lulu naye anaweza kupandwa na dume wa kundi A tena, hata huyo wa Mombasa, kwa sharti moja zito: uwepo anapozaa, mchana au usiku, na watoto wasimnyonye kwa saa 24 za kwanza.

Sharti hilo ni rahisi kuliandika na gumu kulitimiza, kwa hiyo nitalieleza kwa urefu kidogo. Hesabu siku 63 hadi 67 tangu alipopandwa, na kuanzia siku ya 61 usilale mbali. Mtoto wa paka hutafuta chuchu kabla hata hajakauka, wakati mwingine mama akiwa bado anazaa wengine, kwa hiyo kila anayetoka mwache mama amlambe na kukata kitovu mbele ya macho yako, kisha umweke katika kikapu chenye kitambaa na chupa ya maji moto iliyofungwa taulo. Usidanganywe na joto la Malindi: mtoto wa siku moja anahitaji kiasi cha digrii 30 pale alipolala, na usiku wa kusi, feni ikizunguka, chumba hakifiki huko. Mpe kila baada ya saa mbili maziwa ya unga yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wa paka, si ya ng'ombe wala ya mbuzi, kwa bomba dogo la sindano lisilo na ncha, akiwa amelala kifudifudi kama anavyonyonya. Ukimlaza chali maziwa yatamwingia kwenye mapafu. Kila baada ya kumlisha mpanguse chini ya mkia kwa pamba yenye maji ya vuguvugu, la sivyo hatakojoa. Saa 24 zikitimia, utumbo wake umeshafunga njia ile, na unaweza kumrudisha kwa Lulu anyonye atakavyo, hata kama kingamwili bado zimo.

Ukimpata jike wa kundi A aliyezaa siku hiyo au jana yake, ni bora zaidi kuliko chupa, kwa sababu watoto watapata dang'a isiyowadhuru na kinga yake. Wasipoipata, wawekwe mbali na wageni na paka shume wa mtaani mpaka wamalize chanjo, ambazo huanza wakiwa na wiki nane au tisa.

Nunua pia mizani ya jikoni. Mtoto huzaliwa na gramu 100 hivi, na aongezeke gramu 10 au zaidi kila siku. Asiyeongezeka kwa siku nzima ana shida hata kama hajalia. Na akitokea kufa mwingine, usimzike mara moja na usimtie kwenye barafu: mfunge kwenye mfuko, mweke sehemu ya kawaida ya friji, uniletee siku hiyo hiyo.

Kuhusu huyo asiye na ncha ya mkia: kasoro yake hairithiwi, kwa maana mkia wake ulikuwa mzima alipozaliwa. Waamuzi wa paka wa nasaba watauhesabu kuwa dosari, hivyo asitarajiwe kwenye meza ya maonyesho, lakini kwa kuzalisha hana lawama. Tena yaelekea ni wa kundi A aliyeficha B, na akiwa jike atawanyonyesha watoto wa kundi lolote bila hofu, jambo ambalo mama yake hawezi.

Kipimo chenyewe ni matone machache ya damu kwenye kadi, na majibu hutoka ndani ya dakika chache. Niletee Lulu na Sultani asubuhi, kila mmoja kwenye kikapu chake, pamoja na lile daftari lako la nasaba. Na mwombe mwenye dume wa Mombasa ampime wa kwake kabla hajamwazima mtu mwingine.