Maswali ya wasomaji: Rangi ya mtaa wako kwenye ramani ya umaskini

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa wasomaji wetu walioko Marekani. Wanatumia ramani za sensa za mtandaoni kuombea ruzuku au kuwasemea majirani zao mbele ya madiwani. Moja imetoka Dar es Salaam.

Mhariri, salamu. Chama chetu cha akina mama kinaomba ruzuku ya masomo ya jioni kwa watoto. Mfadhili anataka asilimia ya umaskini ya "trakti ya sensa" yetu. Hiyo trakti ni kitu gani, na tunaipata wapi? — Msomaji, Columbus, Ohio

Dada, trakti ni kipande cha kaunti kilichokatwa kwa ajili ya takwimu tu. Huwa na watu kati ya 1,200 na 8,000, na shabaha ni 4,000 hivi. Haifuati mtaa kama wakazi wanavyouita, wala haifuati eneo la msimbo wa posta. Msimpe mfadhili namba za msimbo wa posta mkidhani ni kitu kimoja, kwa sababu eneo moja la posta laweza kugusa trakti nyingi, tajiri na maskini, na umaskini wa watoto wenu ukamezwa humo.

Kila trakti ina namba ya tarakimu 11: mbili za jimbo, tatu za kaunti, sita za trakti yenyewe. Mkiwa ndani ya kaunti ya Franklin, yenu itaanza na 39049.

Njia nyepesi ni tovuti ya Census Reporter, ambayo ni bure na haidai kujisajili. Andikeni anwani ya mahali masomo yatakapofanyika, na orodha ya maeneo yote yanayoibeba anwani hiyo itatokea: jimbo, kaunti, jiji, wilaya ya shule, trakti. Chagueni trakti, mshuke hadi sehemu ya umaskini. Hapo watoto na wazee huonyeshwa mbalimbali, na ninyi mnataka namba ya watoto. Mkiona alama ya msalaba mdogo kando ya namba, maana yake kiwango cha makosa kimefika angalau asilimia 10 ya namba yenyewe, basi itumieni kwa tahadhari.

Mfadhili akitaka jedwali rasmi, nendeni data.census.gov, tovuti ya Ofisi ya Sensa ya Marekani, mwandike S1701, jina la jedwali la umaskini, kwenye kitafutio, kisha mchuje kwa eneo: trakti, Ohio, Franklin, trakti zote. Hakikisheni mmechagua makadirio ya miaka mitano, ndipo mbofye ramani. Kwenye ombi andikeni kipindi kizima, kama "2019–2023", msiandike "2023" peke yake. Sensa ya kila miaka 10 haiulizi kipato. Namba za umaskini hutoka kwenye American Community Survey, utafiti unaopelekwa kwenye anwani zipatazo milioni 3.5 kila mwaka. Majibu ya mwaka mmoja hutolewa kwa maeneo yenye watu 65,000 na zaidi tu. Trakti ni ndogo mno, kwa hiyo majibu yake huunganishwa miaka mitano ndipo yatolewe.

Kwenye ramani ya 2018–2022 mtaa wetu ulikuwa na rangi ya chungwa. Kwenye ya 2019–2023 umekuwa wa njano, na diwani anasema umaskini umepungua, kwa hiyo kituo cha chakula kinaweza kufungwa. Tumjibu nini? — Msomaji, Portland, Maine

Hili ni jambo zito, kwa kuwa kuna watu watakaolala njaa kwa sababu ya rangi iliyosomwa vibaya. Mna majibu matatu ya kumpa.

La kwanza ni miaka. Ramani hizo mbili zina miaka minne ile ile. Kilichobadilika ni kwamba 2018 imetoka na 2023 imeingia. Ofisi ya Sensa yenyewe haishauri kulinganisha vipindi vinavyopandana hivyo. Chukueni 2014–2018 mlinganishe na 2019–2023. Mkifika huko mwaweza kukuta namba ya trakti yenu haipo kwenye toleo la zamani, kwa sababu kuanzia 2016–2020 mipaka iliyotumika ni ya mwaka 2020. Trakti zilizojaa watu zilikatwa, na vipande vyake vikapewa viambishi kama .01 na .02. Jumlisheni vipande upya ndipo mlinganishe.

La pili ni rangi zenyewe. Tovuti nyingi hupanga madaraja ya rangi upya kila data mpya inapoingia. Daraja la njano lililoishia asilimia 15 laweza sasa kuishia 19, na mtaa ukabadilika rangi bila hata nukta moja ya umaskini kusogea. Fungueni ufunguo wa ramani zote mbili muusome. Inapowezekana, wekeni mipaka kwa mkono, kwa mfano 10, 20, 30 na 40, na iwe hiyo hiyo kwenye ramani zote mbili.

La tatu ndilo kubwa, na ndilo ambalo ramani hulificha. Wekeni kielekezi juu ya trakti msome namba yenye alama ya ±, yaani kiwango cha makosa. Tuchukue mfano wa kubuni: kipindi cha kwanza asilimia 24, ±8, kipindi cha pili asilimia 18, ±7. Hiyo ± imepigwa kwa uhakika wa asilimia 90. Tofauti ya makadirio ni 6. Sasa tafuteni ± ya tofauti yenyewe: 8 mara 8 ni 64, 7 mara 7 ni 49, jumla 113, kipeuo chake cha pili ni 10.6. Sita ni ndogo kuliko 10.6. Kwa takwimu hizi diwani hawezi kusema umaskini umepungua. Nanyi, kwa haki hiyo hiyo, hamwezi kusema haukupungua. Semeni kwamba ushahidi wa kufunga kituo haupo.

Mkitaka namba imara zaidi, unganisheni trakti jirani. Mfano mwingine wa kubuni: trakti tatu zina maskini 620 (±210), 480 (±180) na 700 (±240), na wakazi waliohesabiwa ni 3,900, 3,400 na 4,200. Maskini wote ni 1,800 kati ya 11,500, yaani asilimia 15.7. Zidisheni kila ± kwa yenyewe, mjumlishe: 134,100. Kipeuo cha pili ni 366. Gawanyeni kwa 11,500 mpate takriban ±3.2. Trakti ya kwanza peke yake ilikuwa na ±5.4. (Kanuni kamili hupunguza pia kidogo kwa ajili ya makosa ya kigawanyo, kwa hiyo 3.2 imezidi kidogo, na huko ndiko salama kukosea.) Kosa linalorudiwa sana ni kuchukua asilimia za trakti zote tatu na kuzitafutia wastani. Jumlisheni watu kwanza, asilimia ije mwisho.

Ramani inaonyesha karibu na chuo kikuu kuna umaskini wa kutisha, lakini mitaa ile haina dalili hiyo. Ni makosa ya data? — Msomaji, Columbus, Ohio

Si makosa. Wanafunzi wanaolala mabwenini hawaingizwi kabisa kwenye hesabu ya umaskini, kama wasivyoingizwa wafungwa na wazee walio kwenye nyumba za uuguzi. Lakini mwanafunzi aliyepanga chumba nje ya chuo huhesabiwa, na kipato chake ni kidogo hata kama wazazi wanamtumia fedha za chuo. Fungua jedwali B14006, ambalo hutenganisha maskini kwa ngazi ya masomo waliyomo, au tazama umaskini wa watoto peke yake.

Mume wangu na mimi tunafanya kazi, tuna watoto wawili, kodi ya nyumba inatumaliza. Ramani inasema trakti yetu haina maskini wengi. Inawezekanaje? — Msomaji, Seattle

Inawezekana, kwa sababu mstari wa umaskini ni ule ule Marekani nzima. Kwa familia ya watu wanne, wawili wakiwa watoto, mwaka 2023 ulikuwa dola 30,900, uwe Seattle au kijijini Mississippi. Chimbuko lake ni hesabu ya miaka ya 1960 ya Mollie Orshansky, mchumi wa serikali ya Marekani: gharama ya chakula cha kiasi kidogo mara tatu, na tangu hapo hupandishwa kwa mfumuko wa bei tu. Kodi ya nyumba yako haimo. Kipato kinachotazamwa ni fedha taslimu kabla ya kodi ya serikali, na msaada wa chakula hauhesabiwi.

Usiishie kwenye S1701. Fungua C17002, inayogawa watu kwa kulinganisha kipato na mstari: chini ya nusu yake, nusu hadi mstari, kisha 1.00 hadi 1.24, na kuendelea hadi 2.00 na zaidi. Jumlisha wote walio chini ya 2.00, ugawe kwa jumla ya jedwali. Kwenye miji yenye kodi kali ya nyumba namba hiyo inafanana zaidi na maisha ya watu. Kipimo cha 1.85 nacho kina kazi yake, kwani ndicho kikomo cha familia kupata punguzo la chakula cha shuleni.

Tunataka kuishawishi zahanati iajiri mkalimani wa Kiswahili. Ramani gani inaonyesha Waswahili wako wapi? — Msomaji, Houston

Kwa trakti, hakuna, na ni vizuri mlijue mapema msije mkapoteza usiku mzima. Jedwali la lugha linaloshuka hadi trakti ni C16001, lenye makundi 12. Kiswahili kimezikwa humo chini ya "lugha nyingine na zisizotajwa", pamoja na lugha nyingi zisizohusiana nacho. Jedwali refu, B16001, linalo kundi la "Kiswahili au lugha nyingine za Afrika ya Kati, Mashariki na Kusini", ila hutolewa kwa maeneo makubwa tu. Hata hapo mmechanganywa na wengine, msiandike kuwa wote ni wasemaji wa Kiswahili.

Anzeni na B16001 kwa eneo kubwa zaidi linalowagusa, muongeze B05006 ya nchi za kuzaliwa, ambamo Kenya ina mstari wake. Mtoto wa Mkongo aliyezaliwa Houston hatakuwamo humo, wala Mkongo aliyezaliwa kambini Tanzania hatahesabiwa chini ya Kongo. Kisha ombeni wilaya ya shule takwimu za lugha za nyumbani. Hizo mara nyingi hukitaja Kiswahili kwa jina, na kwa zahanati zina uzito kuliko ramani yoyote.

Nimepakua S1701 na mipaka ya trakti, nimeunganisha kwenye QGIS, programu ya kuchora ramani, ramani yote ni tupu. — Mwanafunzi, Dallas

Karibu kila mara tatizo ni namba ya utambulisho. Faili la data huandika 1400000US48113 na kuendelea. Faili la mipaka huandika 48113 moja kwa moja. Ondoa herufi tisa za mwanzo, au kwenye Excel tumia RIGHT(A2,11). Safu mbili zote ziwe maandishi, zisiwe namba. Texas huna shida ya sifuri, lakini ungekuwa California, Excel ingekula sifuri ya 06 na kukuachia tarakimu 10.

Ramani ikijaa lakini rangi zikikataa, tazama mstari wa pili wa faili. Ni maelezo ya safu, na huifanya QGIS isome safu nzima kama maandishi. Ufute. Futa pia alama kama "-" au "250,000+" uache nafasi tupu, usiweke sifuri. Trakti ya uwanja wa ndege isiyo na wakazi ikiwekewa sifuri itang'aa kama mtaa usio na maskini hata mmoja. Ipe kijivu. Na ukihamia Connecticut, kumbuka kwamba tangu data ya 2022 kaunti zake nane zimebadilishwa na kanda tisa za mipango, kwa hiyo namba za zamani hazitaunganika.

Je, Tanzania tunaweza kuona umaskini kwa kata kama wao wanavyoona kwa trakti? — Msomaji, Dar es Salaam

Si kwa njia hiyo hiyo. Sensa ya Agosti 2022 ilihesabu watu 61,741,120 na ikauliza makazi: paa, sakafu, choo, maji, nishati. Umaskini hupimwa kwenye Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya, na ule wa 2017/18 ulitoa asilimia 26.4 ya umaskini wa mahitaji ya msingi kwa Tanzania Bara. Sampuli yake ni ndogo, haiwezi kushuka hadi kata.

Ramani za umaskini za maeneo madogo huziba pengo hilo kwa kukisia. Utafiti hufundisha uhusiano kati ya matumizi ya kaya na vitu kama paa, elimu na ukubwa wa familia, kisha uhusiano huo hupelekwa kwenye kila kaya ya sensa. Ukikutana na ramani ya namna hiyo, tafuta miaka miwili, wa sensa na wa utafiti. Miaka hiyo ikipishana sana, mtaa uliojengwa upya katikati utasomwa vibaya. Tafuta pia kiwango cha makosa cha eneo lako. Ukikosa vyote viwili, tumia safu za sensa zenyewe, kaya zenye sakafu ya udongo au zisizo na choo bora, na uziite kwa majina hayo.